Tovuti inapendeza machoni lakini simu haiielewi: dalili, vyanzo na matengenezo

Mwalimu mmoja mstaafu, asiyeona, aliingia ofisini kwetu Mwanjelwa, Mbeya, akiwa na simu mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi. Mjukuu wake alikuwa amepangiwa kidato cha kwanza, na maelekezo ya kujiunga yalikuwa kwenye tovuti ya shule. "Mwanangu, nataka nijue tu anatakiwa kwenda na nini," akasema. Simu yake ilikuwa na kisoma skrini, ile programu inayotamka kilichoandikwa kwenye kioo. Akachagua kuruka kwa vichwa vya habari, akatelezesha kidole. Simu ikamjibu kwamba mbele hakuna kichwa cha habari. Akarudia. Jibu lile lile.

Mimi nilikuwa naviona: "Ada", "Sare", "Mahitaji ya mwanafunzi", vyote vikubwa, vimekolea, vya bluu. Nikamwambia, "Vipo, mwalimu, tena vikubwa." Akanijibu kwa upole, "Wewe unaviona. Simu haijaambiwa." Ikabidi asikilize ukurasa mzima, tangu historia ya shule hadi namba ya akaunti ya benki, ndipo afike kwenye godoro, ndoo na jembe. Ukurasa ule niliutengeneza mimi.

Tangu siku hiyo kila lalamiko la namna hii naliandika kwenye daftari: la nyumba za wageni, la maduka ya pembejeo, la vyama vya ushirika vya kahawa, la shule. Dalili ni nyingi lakini mzizi wake karibu ni ule ule. HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, ina kazi ya kusema kitu hiki ni nini: kichwa cha habari, aya, orodha, kitufe, jedwali. CSS, lugha ya mapambo ya kurasa hizo, ina kazi ya kusema kionekaneje: ukubwa, rangi, nafasi. Anayetumia macho hudanganyika kirahisi, kwa sababu maandishi makubwa yaliyokolea yanafanana kabisa na kichwa cha habari. Kisoma skrini, injini ya utafutaji na kivinjari chenyewe havitazami ukubwa. Vinasoma tagi, yaani zile alama za HTML zinazozunguka maneno.

Mgawanyo huu wa kazi si wa jana. Maelezo ya kwanza ya HTML aliyoyatoa Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, mwaka 1991 tayari yalikuwa na ngazi 6 za vichwa vya habari, orodha na anwani. Baadaye watu wakataka rangi na fonti, vikaingia vitu kama `<font>` na `<center>`. CSS ya kwanza ikapitishwa Desemba 1996, na mwaka mmoja baadaye HTML 4.0 ikawaambia watengenezaji waachane na tagi hizo za mapambo. Bado nazikuta hapa Mbeya hadi leo, ndani ya tovuti zinazotumika.

## Kabla hujagusa chochote

Chukua nakala rudufu ya faili zote na ya hifadhidata, uziweke mahali pengine, si kwenye seva ile ile. Kama hujui kuchukua nakala hiyo, ishia hapa na umwite fundi kwa kazi hiyo moja kwanza.

Kisha fanya vipimo viwili ambavyo havihitaji gharama. Fungua ukurasa kwenye Firefox ya kompyuta, bonyeza Alt ili menyu ya juu itokee, nenda kwenye menyu ya mwonekano, tafuta mtindo wa ukurasa, uchague usiwe na mtindo wowote. Ukurasa utabaki mifupa mitupu. Je, bado unajua kipi ni kichwa na kipi ni aya? Je, mambo yanafuatana kwa mpangilio wenye maana? Baada ya hapo weka panya pembeni, tumia kitufe cha Tab peke yake, uone kama unaweza kufika kila mahali mteja anapotakiwa kufika.

Ukitaka kusikia kwa masikio yako, simu nyingi za Android zina kisoma skrini kiitwacho TalkBack ndani ya mipangilio ya ufikivu. Jifunze kwanza namna ya kuizima kabla hujaiwasha, maana ikishawaka namna ya kugusa kioo inabadilika. Kwenye Windows kuna NVDA, programu ya kisoma skrini ya bure, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Ukiwa ndani ya ukurasa, herufi H inakurusha kwenye kichwa kinachofuata, B kwenye kitufe, T kwenye jedwali.

## Dalili: "Vichwa vya habari vipo, lakini kisoma skrini kinasema havipo"

Hii ndiyo ya mwalimu, na ndiyo inayoongoza kwenye daftari langu.

Sababu ya kwanza, tena kwa mbali: mwandishi alichagua mstari, akabonyeza B, akaongeza ukubwa wa herufi, akapaka rangi. Kwenye kihariri cha tovuti ipo menyu ya kuchagua kama mstari ni aya au ni kichwa cha ngazi fulani, lakini watu wanaipita kwa sababu B iko karibu. Ukifungua msimbo utakuta hivi:

`<p style="font-size:24px; color:blue"><b>Mahitaji ya mwanafunzi</b></p>`

Kwa simu, hiyo ni aya ya kawaida yenye maneno matatu yaliyokolea. Tengeneza iwe `<h2>Mahitaji ya mwanafunzi</h2>`, kisha ukubwa na rangi uvipeleke kwenye faili la CSS, mara moja kwa vichwa vyote vya ngazi hiyo. Kwa macho hakuna kitakachobadilika. Mwalimu naye atafika anakotaka kwa mitelezo mitatu ya kidole.

Sababu ya pili ni kinyume chake: tagi za vichwa zipo, ila zimechaguliwa kwa ukubwa. Mtu anaona `<h2>` ni kubwa mno kwa jicho lake, anachukua `<h4>`. Au anataka sentensi ya bei ionekane, anaifanya `<h1>`. Anayesikiliza anasikia "ngazi ya kwanza", halafu "ngazi ya nne", anadhani amerukishwa sehemu mbili. Ngazi zipange kama unavyopanga sura na sehemu zake kwenye kitabu: jina la ukurasa ni `<h1>`, sehemu kubwa ni `<h2>`, vipande vya ndani yake ni `<h3>`. Ukubwa usioupenda utaubadilisha kwenye CSS.

Sababu ya tatu: kichwa ni picha. Fundi wa michoro amekutengenezea bango zuri lenye maneno "Karibu Tukuyu", likawekwa kama picha bila sifa ya `alt`, yaani maelezo ya picha kwa maneno. Andika maneno hayo kama maandishi juu ya picha, au walau yaweke ndani ya `alt`. Picha ya pambo tu, isiyo na habari yoyote, ipe `alt=""` tupu ili kisoma skrini kiipite kimya.

Ukiwa bado kwenye ukurasa huo, angalia na orodha. Mahitaji ya mwanafunzi yalikuwa yameandikwa kwa vistari na `<br>` kila mwisho wa mstari. Nilipoyaweka ndani ya `<ul>` na `<li>`, simu ilianza kwa kutangaza kwamba inaingia kwenye orodha yenye vitu 14. Mzazi anajua tangu mwanzo ni vitu vingapi vya kuhesabu.

## Dalili: "Inasoma Kiswahili kama Mzungu aliyeshuka leo"

Mara nyingi templeti, yaani kiolezo cha tovuti kilichotengenezwa tayari, imeletwa kutoka nje, na kwenye mstari wa juu kabisa imeandikwa `<html lang="en">`. Kisoma skrini kinatii: kinachukua sauti ya Kiingereza na kutamka "Chunya" na "Mufindi" kwa kanuni za huko. Badilisha iwe `<html lang="sw">`. Ni herufi mbili tu, na katika matengenezo yote ya ukurasa huu sijui lingine lenye faida kubwa hivyo kwa kazi ndogo hivyo.

Chanzo kisichotokea sana ni ukurasa wenye lugha mchanganyiko. Sehemu ya Kiingereza iliyo ndani ya ukurasa wa Kiswahili ipe `lang="en"` yake. Una salamu ya Kinyakyusa? Alama yake ni `nyy`. Kihehe ni `heh`. Kisoma skrini kisipokuwa na sauti ya lugha hiyo kitaendelea na sauti yake ya kawaida, lakini habari kwamba maneno haya ni ya lugha nyingine itakuwa imeandikwa mahali pake.

## Dalili: "Kwenye mtandao dhaifu ukurasa unafunguka umevurugika"

Ukitoka Mbeya kupanda Rungwe, au ukiwa ndani ya basi kati ya Makambako na Mafinga, mtandao unakuja na kukatika. HTML ikifika halafu faili la CSS likagoma, msomaji anapata ile mifupa uliyoiona kwenye kipimo cha Firefox. Hilo si kosa. Mifupa iliyopangwa vizuri inasomeka vizuri kabisa, na mteja atapata namba ya simu ya nyumba ya wageni hata bila rangi.

Kosa ni pale mpangilio wa msimbo unapokuwa tofauti na mpangilio wa macho. Chanzo cha kawaida ni menyu ndefu na matangazo yaliyowekwa kabla ya habari yenyewe, ambayo CSS ilikuwa ikiyasogeza pembeni. Peleka habari kuu juu ndani ya `<main>`, na menyu iwe ndani ya `<nav>`. Chanzo cha pili ni matumizi ya amri za CSS `order` au `position` kupandisha kisanduku juu kwa macho tu. Nilitengeneza ukurasa wa safari za Ziwa Ngosi ambapo "Hatua ya 3" ilikuwa ya kwanza kwenye msimbo. Anayeona alisoma 1, 2, 3. Anayesikiliza aliambiwa atelemke kreta kabla hajaambiwa gari linamwacha wapi. Tiba yake ni kuhamisha vipande vyenyewe ndani ya HTML.

Chanzo cha tatu ni tovuti za zamani zilizojengwa kwa majedwali ndani ya majedwali, ukurasa mzima umepangwa kwa `<table>`. Hapo simama. Usianze kung'oa `<td>` moja moja, utabomoa nyumba ukiwa ndani. Mwite fundi aijenge upya. Pia usiongeze wala kuondoa mstari wa `<!DOCTYPE html>` kwenye tovuti ya aina hiyo kwa majaribio: mstari huo ndio unaoamua kama kivinjari kitatumia kanuni za sasa au za kale, na vipimo vya ukurasa mzima vinaweza kuhama.

## Dalili: "Jedwali la bei halieleweki"

Nilipigiwa simu na kijana anayesimamia tovuti ya wauzaji wa viazi. "Kaka, kwenye kompyuta nguzo zimenyooka, kwenye simu zimeingiliana." Alikuwa amepanga nguzo kwa kupiga nafasi nyingi kati ya zao na bei, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye mashine za chapa. HTML ya kawaida inabana nafasi zote zinazofuatana na kuzifanya moja. Yeye alikuwa amezilazimisha kwa alama ya `&nbsp;`, kumi, kumi na tano kwa mstari, na kwenye kioo chembamba nguzo zikavurugika.

Hicho ndicho chanzo cha kwanza. Cha pili ni picha ya jedwali: mtu amelipiga picha daftari au amechukua ile iliyozunguka WhatsApp, akaipandisha. Haikuzwi ikasomeka, haitafutwi, haisikiki, na inakula bando la mkulima. Cha tatu ni jedwali la kweli ambalo mstari wake wa juu umekolezwa tu. Tofauti yake utaisikia. Bila vichwa vya nguzo, simu inatamka mfululizo wa namba na wewe unapoteza ni ya zao gani. Ukiandika `<th scope="col">Zao</th>`, `<th scope="col">Kipimo</th>`, `<th scope="col">Bei</th>`, na jina la zao mwanzoni mwa kila mstari ukaliweka ndani ya `<th scope="row">`, msomaji anayezunguka kwenye seli anaambiwa jina la zao au la nguzo kila anapohama. Ongeza `<caption>` yenye jina la jedwali na tarehe ya bei. Bei ya viazi isiyo na tarehe inamdanganya mkulima aliyeko Uyole akisubiri lori.

## Dalili: "Kitufe kipo, ila hakifanyi kazi kwa kila mtu"

Bonyeza Tab. Kama kishale kinakiruka kitufe cha "Weka nafasi", basi si kitufe. Karibu kila mara ni `<div>`, kisanduku kisicho na maana yoyote, iliyopakwa rangi ya kijani na kuzungushiwa pembe, ikabandikwa `onclick`, agizo la kufanya jambo kikiguswa. Kwa kidole inafanya kazi. Kwa kibodi haifikiki, na kisoma skrini kinatamka maneno yake bila kusema kwamba ni kitu cha kubonyeza.

Weka `<button type="button">` na ile rangi uihamishie kwake kwa CSS. Usisahau sehemu ya `type`: kitufe kilicho ndani ya fomu kisipoambiwa aina yake kinatuma fomu. Kama kazi ya kitu hicho ni kumpeleka mtu ukurasa mwingine, hicho ni kiungo, tumia `<a href>`. Kinachokwenda mahali ni kiungo, kinachofanya jambo ni kitufe.

Chanzo kingine, hasa kwenye templeti za kununua, ni fundi wa kwanza kuondoa ile duara ya kuzunguka kitu kilichochaguliwa kwa `outline: none` kwa sababu aliiona mbaya. Kitufe kinafikika lakini mtu hajui yuko wapi. Irudishe.

Onyo: kama kitufe hicho ni cha kulipia, au kimefungwa na JavaScript (lugha ya kuupa ukurasa vitendo) usiyoielewa, usikibadilishe kwenye tovuti inayotumika. Malipo yanaweza kutumwa mara mbili au yasitumwe kabisa. Hiyo ni kazi ya aliyeunganisha malipo. Na usibandike sifa za `role` na `aria-`, zinazokiambia kisoma skrini kitu ni nini, ulizoziona mahali bila kuzijua. `Role` isiyo sahihi inamwambia msikilizaji uongo, afadhali isiwepo.

## Dalili: "Fomu inajazwa vibaya"

Maelezo ya kisanduku yamewekwa ndani ya kisanduku chenyewe kwa rangi hafifu, kwa `placeholder`. Mtu akianza kuandika, yanatoweka. Akisita katikati hajui alikuwa anaulizwa jina la mzazi au la mtoto. Weka `<label for="simu">Namba ya simu</label>` juu, na kisanduku kiwe na `id="simu"` na `type="tel"` ili simu ilete namba badala ya herufi. Kugusa neno lenyewe kutafungua kisanduku, jambo linalomsaidia kila mwenye vidole vikubwa.

## Dalili: "Tumekoleza kila kitu, hakuna anayesoma"

Hapa tatizo ni la uandishi kabla ya kuwa la tagi. Jambo lenye uzito, kama "Leta cheti halisi", lipe `<strong>`. Neno linalopaswa kutamkwa kwa mkazo lipe `<em>`. Tagi za `<b>` na `<i>` zina kazi yake bado: jina la kisayansi la kiazi mviringo ni `<i lang="la">Solanum tuberosum</i>`, halina uzito zaidi, limeandikwa kwa mlazo kwa desturi. Visoma skrini vingi havibadilishi sauti kwa tagi hizi, kwa hiyo onyo la hatari liseme lenyewe: anza na neno "Tahadhari". Na `<blockquote>` ni ya maneno uliyonukuu, isitumike kusogeza aya ndani.

## Dalili: "Kubadilisha rangi moja kumechukua wiki"

Mtindo umeandikwa ndani ya kila tagi, kurasa mia. Uhamishe kwenye faili moja la CSS, ukurasa mmoja kwa siku kama kazi ni nyingi.

Kuna chanzo kingine kilichojificha, na kwangu ndicho kinaonyesha vizuri zaidi tofauti ya maana na mwonekano. Nyumba moja ya wageni Iringa ilikuwa na klasi (jina la kundi ambalo CSS hulitumia kupaka mtindo) iitwayo `nyekundu` kwa vyumba vilivyojaa. Mwenyewe akataka rangi ya udongo. Fundi akabadilisha CSS, na sasa `nyekundu` ni kahawia, na kila anayefungua msimbo anababaika. Klasi ipe jina la maana, `kimejaa`, na rangi iende itakavyo. Halafu tukagundua kwamba rangi ndiyo ilikuwa habari pekee: hakuna mahali palipoandikwa kwamba chumba kimejaa. Mgeni asiyetofautisha nyekundu na kijani alikuwa akipiga simu kila mara. Tukaandika neno "Kimejaa" kwenye kila kisanduku. Tulipokuwa hapo tukapima na ukolevu wa maandishi, kwa sababu kijivu juu ya nyeupe hakisomeki juani; miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, WCAG, inataka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida.

## Ukifika kwenye kumwita fundi

Mwite kama huna nakala rudufu, kama tagi unazozitafuta hazipo kwenye faili lolote kwa sababu zinazalishwa na plagini (programu ndogo ya nyongeza) au PHP (lugha inayounda kurasa kwenye seva), kama kosa linarudi kila templeti inaposasishwa, au kama ukurasa unahusu malipo na taarifa za wagonjwa au wanafunzi. Usimwambie tu kwamba tovuti ni mbovu. Mpe anwani ya ukurasa wenyewe, aina ya simu au kivinjari, ulichobonyeza, na maneno hasa yaliyotamkwa au yasiyotamkwa. Nywila usimtumie kwa ujumbe mfupi. Mfungulie akaunti yake na uifunge akimaliza. Na kabla hujamlipa, zima mtindo kwenye Firefox mbele yake, msome wote wawili kuanzia juu.